UZI: Kithai na toni zake, shika makundi matatu ya herufi kabla ya kitu kingine chochote

MzigoWaBobae (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Kila mtu akiuliza kuhusu kujifunza Kithai ushauri anaopewa ni ule ule, "we jifunze kuongea tu, yale maandishi yao achana nayo utachanganyikiwa bure". Mimi napinga hilo kwa nguvu zote na ndio sababu ya huu uzi. Kithai ukikisomea kwa herufi za kirumi utakwama kwenye toni miaka nenda miaka rudi, maana ile "khaa" uliyoandika kwenye daftari lako inaweza kuwa mguu, bei, biashara au kiungo cha supu na daftari halikwambii ni ipi. Maandishi ya Kithai yenyewe yanakwambia. Toni ya kila silabi imeandikwa pale pale ndani ya neno, shida ni kwamba hujafundishwa kuiona.

Na wanaotufundisha wanakosea mpangilio. Unafungua kitabu, herufi 44 mfululizo, unazikariri umbo na sauti, umefurahi, halafu mbele huko unakutana na jedwali la toni lenye vyumba kibao unaambiwa haya kariri na hili. Jedwali ukilikariri hivyo halikusaidii ukiwa umesimama dukani muuzaji anakusubiri. Herufi inatakiwa iingie kichwani ikiwa na kundi lake tangu siku ya kwanza, yaani ukiiona ข usiwaze "kh" tu, uwaze "kh ya kundi la juu".

Twende taratibu. Toni ziko tano: ya kawaida (sauti inakaa katikati haipandi haishuki), ya chini, ya kushuka (inaanzia juu inadondoka), ya juu, na ya kupanda (inaanzia chini inanyanyuka, kama ile "eeh?" ya kuuliza). Wathai wanaziita saman, ek, tho, tri, chattawa. Hayo majina manne ya mwisho ni moja, mbili, tatu, nne kwa lugha za kale za India. Hiyo ya namba ishike vizuri tutaihitaji chini huko.

Herufi ziko makundi matatu: kati (9), juu (11), chini (24). Tahadhari kubwa sana hapa, JINA LA KUNDI SIO TONI. Herufi ya kundi la chini inaweza kukupa toni ya juu, na herufi ya kundi la juu haitoi toni ya juu hata siku moja. Wengi wanapotea hapa mapema kabisa wanadhani "juu" maana yake sauti juu. Futa hilo kichwani, chukulia ni majina tu.

Sasa utajuaje herufi ni ya kundi gani bila kukariri orodha tatu? Sikiliza sauti yake.

Sauti kavu zisizo na pumzi, k, j, t, p, pamoja na d na b: hizo zote ni kundi la kati. ก จ ต ป ด บ, ongeza อ, na mbili adimu ฎ ฏ. Hakuna k kavu kwenye kundi lingine lolote.

Sauti unazoweza kuzivuta puani au mdomoni, m, n, ng', y, r, l, w: zote kundi la chini. ม น ง ย ร ล ว na wenzao ณ ญ ฬ.

Zinazobaki ni kh, ch, th, ph, f, s, h. Hizi ndio zina herufi pande mbili, juu na chini, na hapa ndipo kazi ilipo. Lakini za juu zinazotumika ni kumi tu: ข ฉ ถ ฐ ผ ฝ ส ศ ษ ห (ya kumi na moja ni ฃ ambayo haitumiki tena, sawa na ฅ ya kundi la chini). Ukizijua hizo kumi basi "kh" au "th" nyingine yoyote utakayokutana nayo ni ya chini, huna haja ya kuikariri. Kwa hiyo mlima wote wa herufi 44 kazi halisi ya kukariri ni herufi kumi.

Wathai wana sentensi za kuwafundishia watoto. Ya juu inasema ผีฝากถุงข้าวสารให้ฉัน, mzimu kanikabidhi mfuko wa mchele. Ya kati inasema kuku kamdonoa mtoto akafia mdomoni mwa mtungi, ไก่จิกเด็กตายบนปากโอ่ง. Herufi ya kwanza ya kila neno ndio ya kundi hilo. Andika ukutani hizo mbili.

Naendelea na kanuni posti inayofuata, kwanza niwaachie mpumue.

Otis_Nakuru

Sasa boss, asante kwa hii. Mimi niko Chiang Mai nafunza watoto wa praimari na hiyo ya mzimu na mchele wanaiimba hapa kila asubuhi nikidhani ni wimbo tu wa kawaida. Kumbe ndio siri yenyewe. Swali: hawa watoto wakisoma alfabeti wanasema "ko kai, kho khai, kho khwai" na nasikia kho ya pili na ya tatu hawaziimbi sawa, hiyo ina maana yoyote?

MzigoWaBobae

Ina maana kubwa sana mkuu na nashukuru umeiuliza mapema. Jina la herufi lenyewe linabeba kundi. ข ไข่ (yai) wanaita kho kwa toni ya KUPANDA, ค ควาย (nyati) wanaita kho kwa toni ya KAWAIDA. Herufi zote za kundi la juu jina linapanda: kho, cho, tho, pho, fo, so, ho, zote zinanyanyuka. Za kati na za chini jina linakaa katikati. Ukisimama mlangoni kwa hao watoto ukasikiliza alfabeti nzima mara kadhaa huku unafuata kwenye chati, sikio lako litazikamata zile kumi lenyewe. Wewe una darasa la bure hapo, wenzio tunalilipia.

MzigoWaBobae

Haya, kanuni. Kabla ya alama za toni (zile nne zinazoandikwa juu ya herufi: mai ek, mai tho, mai tri na mai chattawa) lazima ujue silabi HAI na silabi MFU, ndio maneno yao wenyewe. Hai ni ile inayoishia na irabu ndefu au na m, n, ng', y, w, yaani unaweza kuivuta. Mfu ni ile inayoishia na irabu fupi au inayokatwa na k, t, p. Irabu za ai, ao na am (ไ ใ เ-า -ำ) zinahesabika hai hata kama zinasikika fupi.

Hapo kwenye k, t, p za mwisho sisi Waswahili tuna ugonjwa wetu. Lugha yetu karibu kila silabi inafunga na irabu, kwa hiyo mtu anaona มาก anasema "maaki", anaona รถ anasema "roti". Mthai hapo haelewi kabisa. Ulimi au midomo inafunga na kubaki imefunga, hakuna kinachotoka baada ya hapo. Fanyia mazoezi hilo kabla hata ya toni, maana silabi mfu ukiipachika irabu mwishoni umeshaongeza silabi nyingine na toni yake imepotea.

KUNDI LA KATI ndio msingi. Hai bila alama = kawaida (ปลา plaa, samaki). Mfu = chini (ปาก paak, mdomo). Alama zote nne zinakubali hapa na kila moja inafanya kama jina lake, moja mbili tatu nne: mai ek inatoa toni ek ya chini (ไก่ kai, kuku), mai tho inatoa tho ya kushuka (บ้าน baan, nyumba), mai tri inatoa tri ya juu (โต๊ะ to, meza), mai chattawa inatoa ya kupanda (ก๋วยเตี๋ยว, zile tambi za kwenye bakuli, silabi zote mbili zinapanda). Unaona? Kwa kundi la kati hakuna cha kukariri, alama inasema inachofanya.

KUNDI LA JUU ni lile lile la kati, tofauti moja tu: hai bila alama INAPANDA. สาม saam, tatu. Mengine sawasawa, mfu = chini (หก hok, sita), mai ek = chini (สี่ sii, nne), mai tho = kushuka (ห้า haa, tano). Alama mbili za mwisho hazitumiki huku.

KUNDI LA CHINI ndilo lenye tabia zake. Hai bila alama = kawaida (มา maa, kuja). Alama zinaruka ngazi moja: mai ek badala ya chini inatoa KUSHUKA (ไม่ mai, hapana/si), mai tho badala ya kushuka inatoa JUU (น้ำ naam, maji). Na silabi mfu inaangalia urefu wa irabu, fupi = JUU (รัก rak, kupenda), ndefu = KUSHUKA (ลูก luuk, mtoto wa kuzaa).

Basi. Hilo ndio jedwali lote la kutisha. Kati inafuata majina ya alama, juu ni kama kati ila hai bila alama inapanda, chini inaruka ngazi na inapima urefu.

Angalieni ถูก na ลูก. Zote mfu, zote irabu ndefu uu, zote zinaisha k. thuuk (rahisi bei, au sahihi) ni toni ya chini, luuk (mtoto) ni ya kushuka. Kilichozitofautisha ni kundi la herufi ya kwanza peke yake. Ndio maana nasema kundi kwanza.

Bint_Kizingo

Ahsante sana ndugu yangu kwa darasa. Niongeze kitu kwa watu wa pwani maana naona hapo kwenye sauti kavu na sauti za pumzi wengine watapata tabu. Sisi tuliokulia Mombasa paa la nyumba na paa mnyama wa porini hatuyatamki sawa, yule mnyama p yake inatoka na pumzi, ukiweka kiganja mbele ya mdomo unaisikia. Hiyo ndiyo tofauti ya ป na พ/ผ wanayoihangaikia wanafunzi wa Kithai. Kama bibi yako ni wa Mvita au Lamu msikilize anavyotamka, somo la kwanza la Kithai unalo nyumbani.

MzigoWaBobae

Bint Kizingo Mungu akubariki, hili nilikuwa sijalisikia popote likisemwa na ni kweli tupu. Kwa mtu aliyezoea Kiswahili cha bara ambacho hiyo tofauti imefifia, mfano wa kukaa nao ni ผ้า na ป้า. Zote toni ya kushuka, zote aa, moja kitambaa nyingine shangazi au mama mkubwa (dada mkubwa wa mzazi). Pumzi tu ndio inazitenga. Na pumzi ndio inakwambia kundi pia: p kavu lazima iwe kati, ph ni juu au chini.

Halafu tuna bahati nyingine, ง ya mwanzo wa neno. Wazungu wanateseka nayo darasani hadi huruma, sisi tunayo kwenye ng'ombe na ng'ambo, hakuna hata cha kujifunza. Neno งาน (kazi) tamka tu "ng'aan", chini hai, toni ya kawaida.

Kyaka_Mmoja

Mimi naomba kuuliza, hii habari ya kwamba Kiswahili hakina toni kwa hiyo sisi hatuwezi, ni kweli? Mimi lugha ya nyumbani ni Kihaya.

MzigoWaBobae

Kiswahili hakina ndio, lakini lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka zinazo, Kihaya kimojawapo, Kikikuyu, Kinyarwanda na Kirundi pia. Wewe uliyelelewa na Kihaya sikio lako tayari linajua kwamba sauti ikipanda au ikishuka neno linabadilika, mtu wa Kiswahili kitupu inabidi aanze kuliamini hilo kwanza. Tofauti ni kwamba kwetu toni inahamahama ndani ya neno na sentensi, Kithai kila silabi imeshikilia ya kwake na ndani ya silabi moja inaweza kupanda au kushuka. Usijinyime, uko mbele ya wengi.

Mama_Vitenge

Mkuu mimi sijasoma sana na hizo silabi mfu zimenipita kidogo. Naenda Bangkok kuchukua nguo pale Pratunam, nataka kuelewa bei tu. Naanzia wapi?

MzigoWaBobae

Dada yangu anzia kwenye namba, na nakwambia kwa moyo wote namba ndio darasa bora la hizi kanuni. Angalia:

1 หนึ่ง nueng, chini
2 สอง song, kupanda
3 สาม saam, kupanda
4 สี่ sii, chini
5 ห้า haa, kushuka
6 หก hok, chini
7 เจ็ด jet, chini
8 แปด paet, chini
9 เก้า kao, kushuka
10 สิบ sip, chini

Moja mpaka kumi hakuna hata moja inayosomwa kwa kundi la chini. Zote ni juu, isipokuwa 7, 8, 9 ambazo ni kati. Na kwa sababu juu na kati zinafanana kila mahali isipokuwa kwenye hai isiyo na alama, basi kitu pekee cha kuangalia ni 2 na 3 zinazopanda. Zenye mkia mdogo juu (ek) chini, zenye kile kikonyo (tho) kushuka, zinazokatwa mwishoni chini. Umemaliza. Hiyo haa ya tano ndio Wathai wanaandika 555 wakicheka kwenye meseji, usishangae.

Kundi la chini linaingia kwenye pesa kubwa: ร้อย roi (mia) ina mai tho lakini ร ni chini kwa hiyo imeruka, inakuwa toni ya JUU. พัน phan (elfu) kawaida. ล้าน laan (milioni) juu kama mia. Na ishirini haisemwi song sip, wanasema ยี่สิบ yii sip, ย ni chini na ina ek, inashuka. Elfu kumi wana neno lake, หมื่น muen, na laki ni แสน saen inayopanda. Laki unaielewa wewe, wazungu ndio inawapiga chenga.

Halafu kwa biashara yako shika hizi tatu, zote zinaanza na ส na irabu moja: เสื้อ suea ya kushuka ni nguo ya juu, shati na mfano wake. เสือ ya kupanda ni chui mkubwa yule mwenye milia. เสื่อ ya chini ni mkeka. Ukiingia dukani ukaitamka ya kupanda umeulizia mnyama. Na bei ya jumla ni ราคาส่ง, raa khaa kawaida kawaida, song ya CHINI (ส + ek). Usiichanganye na สอง (mbili), ile inapanda na irabu yake ni ndefu na wazi zaidi.

Mama_Vitenge

Sasa nimeelewa, hiyo ya ส nimeiandika pembeni. Na nikitaka anipunguzie?

MzigoWaBobae

ขอลดหน่อยได้ไหมคะ. Tuivue moja moja maana sentensi hii ina karibu kila kitu.

ขอ kho, naomba. ข juu, irabu ndefu, haina alama: kupanda.
ลด lot, punguza. ล chini, imekatwa na t, irabu fupi: juu.
หน่อย noi, kidogo. Hapa kuna ห mbele ya น, nitaeleza chini. Ek: chini.
ได้ daai, inawezekana. ด kati, mai tho: kushuka.
ไหม mai, ya kuuliza. ห tena mbele, hai bila alama: kupanda. Wakiongea haraka wanaitamka juu, ukiifanya juu hakuna atakayekulaumu.
คะ kha, ya heshima ya mwanamke akiuliza. ค chini, irabu fupi, mfu: juu.

Mwanaume anamalizia ครับ khrap, nayo chini mfu fupi, juu. Na wewe ukijibu badala ya kuuliza unasema ค่ะ, ile ile ค lakini ina ek, inashuka.

Kyaka_Mmoja

Hapo kwenye kha mbona nawaona Wathai wenyewe wanaandika นะค๊ะ na ile alama ya tri juu? Wewe umesema tri ni ya kundi la kati tu.

MzigoWaBobae

Wanakosea, na walimu wao wanalalamika juu ya hilo kila siku. คะ na ค่ะ ndio kosa linalowapiga wengi zaidi mitandaoni. Wewe uliyejifunza kanuni utaliona haraka: ค ni chini, chini haibebi tri, na wala haihitaji kwa sababu คะ bila alama tayari ni juu. Msiige maandishi ya kwenye komenti, igeni ya kwenye vibao vya barabara na vitabu vya shule.

Sasa ile ห. Zile herufi za kuvuta (m, n, ng', y, r, l, w) ziko kundi la chini peke yake, hazina mwenzao kundi la juu. Sasa wakitaka kuandika "maa" inayopanda watafanyaje, wakati ม haiwezi kupanda? Wanaweka ห mbele, haitamkwi, kazi yake ni kuikopesha ม kundi la juu. มา kuja, kawaida. ม้า farasi, juu. หมา mbwa, kupanda. Ukiona ห inafuatwa mara moja na herufi hizo, ujue imekuja kufanya kazi ya toni tu.

Herufi zenye mwenzao juu hazihitaji hilo, zinasaidiana. Khaa zote tano hizi hapa: คา kawaida, ข่า chini (ile kama tangawizi ya kwenye supu ya tom kha), ค่า kushuka (thamani, gharama), ค้า juu (kufanya biashara), ขา kupanda (mguu). ข na ค zimegawana kazi mpaka toni tano zimetimia. Ukishaliona hili hutouliza tena kwa nini wana "kh" mbili.

Pia yapo maneno manne yanayoanza na อ isiyotamkwa mbele ya ย, yanaikopesha kundi la kati: อย่า usi-, อยู่ kuwepo, อย่าง aina/namna, อยาก kutaka. Yote toni ya chini. Ni hayo manne tu lugha nzima, kariri yaishe.

Ticha_Mstaafu

Kijana umeeleza vizuri. Lakini mimi siwezi kukubali kanuni bila sababu. Kwa nini mai ek itoe toni moja hapa na nyingine kule? Nani alikaa akapanga hivyo?

MzigoWaBobae

Shikamoo mwalimu. Hakuna aliyekaa akapanga, ni lugha imesogea na maandishi yamebaki pale pale, na hili ndilo lililonifanya niipende hii mada.

Maandishi ya Kithai yametokana na ya Khmer, nayo yakatoka kusini mwa India. Lile jiwe maarufu la mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai lina tarehe ya 1292, wapo wanazuoni wanaobishia umri wake lakini ndilo linalotajwa kuwa la kwanza. Wakati huo alama zilikuwa mbili tu, ek na tho, na zilikuwa na thamani moja kwa herufi zote. Hai isiyo na alama toni yake moja, yenye ek moja, yenye tho moja. Rahisi kabisa.

Herufi nazo zilikuwa na sauti tofauti na za leo. ค ilikuwa g, พ ilikuwa b, ท ilikuwa d, sauti nzito zenye mtetemo kooni. Angalia maneno yaliyotoka India: guru leo ni ครู khruu (mwalimu, wewe mwenyewe), Buddha ni พุทธ phut, dharma ni ธรรม tham. Zote zimeandikwa kwa herufi za kundi la chini. Baada ya muda ule mtetemo ukapotea, g ikawa kh, b ikawa ph, d ikawa th. Sasa ค ikagongana na ข ambayo tangu mwanzo ilikuwa kh. Maneno mengi yangefanana, lakini yale yaliyokuwa na mtetemo yalishaanza kutamkwa kwa sauti ya tofauti kidogo, na mtetemo ulipoondoka ile tofauti ya sauti ndio ikabaki kuwa toni. Kila toni ya zamani ikapasuka vipande kufuatana na herufi ya kwanza. Alama hawakuzibadilisha, kwa hiyo mai ek ile ile ikawa inasomwa hivi kwa ข na vile kwa ค. Mai tri na mai chattawa zimeongezwa baadaye sana kwa ajili ya kundi la kati, na utaziona zaidi kwenye maneno yaliyotoka kwa Wachina, kama hizo tambi.

Kwa hiyo mwalimu, kundi la chini ni herufi zilizowahi kuwa na mtetemo. m, n, l, r zinatetemeka mpaka leo, ndio maana nazo ziko humo humo.

Ticha_Mstaafu

Marahaba. Hapo nimeridhika. Sasa linashikika.

Otis_Nakuru

Boss kuna kitu kinanisumbua. ตลาด, soko. Kwa kanuni zako ลาด ni chini, mfu, ndefu, inafaa kushuka. Lakini hapa kila mtu anasema talaat ya chini kabisa.

MzigoWaBobae

Umesoma vizuri sana, na hii ndio hatua inayofuata. Neno likianza na herufi ya kati au ya juu isiyo na irabu iliyoandikwa, ikasomeka "a" fupi, halafu inafuata herufi ya kuvuta, ile ya kwanza inairithisha ya pili kundi lake. ต ni kati, ล imerithi kati, mfu ya kati = chini. Kwa hiyo talaat. Hivyo hivyo ถนน thanon (barabara) inapanda, ขนม khanom (vitafunwa) inapanda, สนุก sanuk (raha) chini, อร่อย aroi (tamu) chini. Na สวัสดี sawatdii yenyewe (salamu yao), wat ni chini kwa sababu ส imeirithisha ว.

Kuna maneno ya Kipali (lugha ya kale ya India) hayafuati, mfano สมาชิก (mwanachama), maa yake inabaki kawaida. Na ya Kiingereza mengi wanayatamka kwa toni ambayo haikuandikwa, คอมพิวเตอร์ (kompyuta) ile ter ya mwisho inashuka wakati hakuna alama yoyote. Na เขา (yeye) imeandikwa kupanda lakini mdomoni ni juu. Yapo, lakini ni machache ukilinganisha na yanayotii, usianze nayo.

Mawe_ya_Tunduru

Wadau nimechelewa ila uzi umenigusa. Wathai sisi tumewajua zamani, miaka ya 90 safaya ilipotoka Tunduru walijaa, mabroka wengi walishika Kithai cha kuhesabu pesa hivyo hivyo kwa kusikia. Sasa hivi mawe unayafuata mwenyewe sokoni Chanthaburi. Naomba maneno mawili, jiwe halisi na jiwe feki, na toni zake.

MzigoWaBobae

Jiwe la thamani ni พลอย phloi, พ chini, hai, kawaida. Halisi ni แท้ thae: ท chini + mai tho, imeruka, JUU. Feki ni เก๊ ke: ก kati + mai tri, inafuata jina lake, JUU. Toni moja, njia mbili tofauti za kufika. Hapo toni haikutofautishii, sikiliza th ya pumzi na k kavu, maana irabu zote mbili ni ndefu, hata hiyo ke usiikate. Ukitaka neno jingine la feki lisilochanganya sema ปลอม plom, kati hai, kawaida.

Rubi ni ทับทิม thap thim, juu halafu kawaida. Safaya ya bluu ไพลิน phai lin, kawaida zote. Jaribu na wewe, nisomee จันทบุรี, mji wenyewe unaoenda. Imegawanyika จัน ทะ บุ รี.

Mawe_ya_Tunduru

จัน: จ kati, inaisha n, hai, kawaida. ทะ: ท chini, irabu fupi, mfu, juu. บุ: บ kati, fupi, mfu, chini. รี: ร chini, ndefu, hai, kawaida. Kawaida, juu, chini, kawaida?

MzigoWaBobae

Zote nne umepatia. Wenyeji wakiongea haraka ile tha ya pili inafifia hutaisikia ikipanda sana, na bu nayo wanaipitia juu juu, uzito wanauweka kwenye rii ya mwisho. Wewe ukiitamka kama ulivyoisoma dereva atakufikisha.